Kwenye wimbo wa hadithi lazima kitu kibadilike

Karibu mwezi mzima napanga pleilisti moja tu, kantri na roki, nyimbo za hadithi peke yake, na kilichonichelewesha sio kukosa nyimbo, ni kwamba nyingi tunazoziita za hadithi ukizisikiliza kwa makini hazina hadithi ndani. Zina mtu, zina mahali, huzuni ndio usiseme, lakini ukifika mwisho mambo yako palepale ulipoyakuta.

Ulioniuma kuutoa ni Jolene wa Dolly Parton. Naupenda mno, lile gitaa linavyokimbia pale mwanzo linanisisimua mpaka leo, ila kinachotokea mule ni mwanamke anamuomba mwenzake asimchukulie mume, basi. Jolene alijibu nini? Mume aliondoka au alibaki? Hatuambiwi. Ni ombi, tena ombi zuri kweli, lakini hadithi sio. Nafasi yake nimeipa Coat of Many Colors wa Dolly huyohuyo, wa 1971, mama anamshonea binti koti la viraka, mtoto anaenda nalo shule anajiona tajiri, wenzake wanamcheka. Anatoka pale bado tajiri ila sasa anajua wengine wanamuonaje. Hapo kuna mtu aliyeingia hivi akatoka vile.

Kwa hiyo kipimo changu ni kiitikio. Kikirudi mara ya mwisho je, kina maana ileile ya mara ya kwanza? Kwenye Cat's in the Cradle wa Harry Chapin, 1974, mtoto anasema kila mara kwamba akikua atakuwa kama baba, na wewe unaona ni utoto tu, halafu beti ya mwisho baba mzee anapiga simu anataka kumuona mwanae na mwanae hana muda, ndio unaelewa kumbe kweli amekuwa kama baba. Huo haukuhitaji mjadala.

Lakini kama ningeambiwa nibaki na wimbo mmoja tu wa kantri, ni He Stopped Loving Her Today wa George Jones, 1980, ulioandikwa na Bobby Braddock na Curly Putman. Jina lenyewe linakudanganya. Unadhani jamaa kachoka kupenda. Ana picha ya yule mwanamke ukutani, ana barua za 1962 kando ya kitanda na kila palipoandikwa nakupenda amepigia mstari mwekundu, na wewe unasubiri tu lini ataamka asahau, kumbe siku aliyoacha kumpenda ndio siku anabebwa kwenda kuzikwa. Jones mwenyewe alihofia kwamba wimbo wa majonzi kiasi hicho hakuna atakayeununua, na ukapanda mpaka namba moja ya kantri Marekani. Mimi hapa sikubali kabisa wanaosema kantri ni kulialia, kupanga habari hivi, uifiche kwenye jina la wimbo mbele ya macho ya watu na wasiione, ni ufundi mkubwa.

Kuna mmoja umevunja kipimo changu na nimeuacha uingie: Ode to Billie Joe wa Bobbie Gentry, 1967. Kiitikio hauna. Familia iko mezani inakula, mtu anataja kwamba Billie Joe kajirusha darajani, mwingine anaomba apitishiwe chakula, na msimuliaji wetu hali wala hasemi kitu. Kuna kitu wimbo unataja kilitupwa mtoni, na watu wamebishana miaka yote ni nini, jamani, sikilizeni ile meza! Hadithi iko kwenye lile sahani ambalo halikuguswa.

Upande wa roki Bruce Springsteen yumo na The River, 1980, bila maswali.

Na pleilisti inafungwa na Fast Car wa Tracy Chapman, 1988. Luke Combs aliurudia 2023 ukawa wa kantri, kaacha maneno karibu yote yalivyokuwa, na mwaka huohuo Tracy akapewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Nimefurahi sana kwa hilo, lakini niliyoiweka ni ya Tracy, kwa sababu ya neno moja. Kule mwanzo mwanamke anayesimulia anamwambia mpenzi wake inabidi tuamue, tuondoke usiku huu au tuishi na kufa hivihivi. Mwishoni, baada ya kazi na watoto na mwanaume anayeshinda baa, sentensi ni ileile ila sasa ni inabidi wewe uamue. Yeye keshaamua. Na Tracy halipandishii sauti lile neno hata kidogo, analipitisha tu kama mtu aliyeshamaliza kulia siku nyingi, ndio maana baada yake sikuweka wimbo mwingine.