Saa Kuukuu Inunuliwe kwa Macho ya Fundi

Ukivaa saa ya mtambo iliyotengenezwa miaka ya 1970, lazima utaulizwa ina faida gani wakati simu iko mfukoni. Mimi naivaa. Sinunui saa ya zamani niifungie kabatini. Nainunua niende nayo kazini, sokoni, msibani na kwenye basi la Nzega. Na kwa anayetaka saa ya namna hiyo ya kuvaa kila siku hapa Tabora, msimamo wangu ni huu: anza na fundi, ndipo uje kwenye saa.

Tafuta fundi anayefanya kazi kweli, mwenye lenzi ya jicho na visahani vya skrubu mezani. Mwamkie, keti, muulize anafungua mashine zipi bila wasiwasi, na vipuri gani anavyo kwenye makopo yake. Majina yatakayojirudia ni Seiko 5, Citizen na Orient, saa za Kijapani. Saa hizi zilisambaa sana, kwa hiyo zilizokufa zinazipa vipuri zilizo hai. Saa ya Uswisi ya miaka ya 1950 inaweza kuwa nzuri kuliko zote zilizopo pale, lakini siku kipuri chake kikivunjika utaisafirisha hadi Dar es Salaam, na huko nako utaambiwa usubiri. Kwa saa ya kuvaa sikukuu, sawa. Kwa saa ya kila siku nasema hapana.

Seiko 5 ilianza mwaka 1963, na sifa yake kubwa ni kwamba haina betri wala haidai utie ufunguo kila asubuhi. Ndani kuna kipande kizito kinachozunguka mkono unapotembea, na ndicho kinachokaza kamani, yaani springi inayoiendesha saa. Mashine yake inayoitwa 7009, ambayo utaikuta sana, inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde unaonekana kama unateleza. Namba hiyo ya mashine imeandikwa nyuma ya mfuniko, na karibu nayo kuna namba nyingine ndefu. Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ndefu ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 82, saa ilitoka Februari ya mwaka unaoishia na 8. Kwa 7009 hiyo ni 1978 au 1988. Muuzaji akikushikia kwamba ni ya miaka ya sitini, mrudishie saa yake taratibu, maana 7009 haikuwepo wakati huo.

Sasa tuje kwenye uso wa saa, ile sahani yenye namba na alama, ambako ndiko watu wanakoibiwa. Saa nyingi kuukuu zilizoko mitandaoni na kwenye maduka ya mitumba zimepakwa rangi upya, na nyingi ya kazi hizo hufanyika India. Uso uliokuwa wa kijivu unageuka bluu ya kuwaka, mwekundu, hata wa rangi mbili. Kwa mbali unapendeza. Siku moja mzee mmoja, fundi wa hapa mjini, alinipa lenzi yake nitazame saa iliyoletwa na mteja. "Mwanangu, uso huu si wake," akasema, kisha akaacha nitafute mwenyewe. Maandishi ya chini yalikuwa manene, wino umevimba kingoni. Vijistari vya dakika havikulingana na alama za saa. Cha dakika ya ishirini kilikuwa kimepotea pembeni kidogo. Kuzunguka dirisha la tarehe rangi ilikuwa imeingia hadi ndani ya tundu. Na yale maandishi madogo sana ya kiwandani, yanayokaa ukingoni kabisa chini ya namba sita, hayakuwepo. Baada ya kuoneshwa hayo, huwezi tena kudanganywa na rangi.

Kwa hiyo mimi naichagua saa yenye uso uliofifia na kioo chenye mikwaruzo kuliko inayong'aa. Kioo ni kitu cha kubadilisha. Uso halisi ukishapakwa juu haurudi. Tabora ni mji wa reli tangu 1912, na wako wazee waliofanya kazi ambayo bila saa mkononi haifanyiki. Familia inapotoa saa ya baba kutoka kwenye sanduku, imejaa vumbi na mkanda umekatika, hiyo iulizie kwanza.

Kuijaribu kunahitaji subira. Ishike ikiwa imesimama, itikise kidogo tu: mashine iliyo salama huanza mara moja, haihitaji kupigwapigwa. Iweke sikioni. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma kila unapoizungusha, kile kipande kizito kinagusa mfuniko. Vuta kitufe cha pembeni, zungusha mishale hadi tarehe ibadilike, lakini usiibadilishe tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, kwa sababu meno ya tarehe yanakuwa yameshakamatana na unaweza kuyavunja. Kisha omba ukae nayo siku moja, hata kwa kuacha pesa ya dhamana. Ivae mchana kutwa, uilaze usiku kioo kikitazama juu, asubuhi ulinganishe na simu. Ikizimika kabla ya alfajiri, kamani imechoka au oili imekauka.

Kuhusu usahihi, tuwe waungwana. Siku ina sekunde 86,400. Saa ya Uswisi yenye cheti cha kronomita, yaani iliyopimwa na kuthibitishwa usahihi wake, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku, tena ikiwa mpya. Saa iliyopita miaka arobaini ikikosea sekunde 30 kwa siku, naikubali kwa mikono miwili. Ikiwahi dakika kadhaa, kabla ya kuikataa muulize fundi kama imeshika sumaku. Spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku hufanya hivyo, na kuiondoa ni kazi ya muda mfupi.

Maneno ya kuzuia maji yaliyoandikwa nyuma yasahau. Mpira uliokuwa ukizuia maji umeshakuwa mgumu kama ganda. Ivue unapooga na mvua ikianza. Na saa ya kabla ya miaka ya 1960 yenye namba zilizopakwa dawa ya kung'aa gizani, sasa imekuwa kahawia, huenda ni radiamu. Haing'ai tena lakini mionzi ipo, kwani nguvu yake hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600. Watu wasiikwangue, na mimi nisingeivaa kila siku.

Kwenye bei, weka pesa ya fundi kabla hujaafikiana na muuzaji, kwa kuwa saa ambayo hujui imesafishwa lini inabidi isafishwe. Hapo nina neno zito. Wapo wanaofungua mfuniko, wakachovya mashine nzima kwenye petroli, wakaipuliza na kukurudishia ikiwa inatembea. Inatembea kweli, kwa muda. Petroli imeondoa oili hata pale ilipotakiwa kubaki, na vyuma vinaanza kulana. Kusafisha ni kufungua kipande kwa kipande, kuosha, kukausha, na kutia oili tone dogo kwenye vijiwe vinavyohitaji, vile vinavyoshika ncha za magurudumu. Uliza kama utaruhusiwa kuiona ikiwa imefunguliwa. Fundi wa kweli hachukii ombi hilo. Mwingine hukuonesha hata alama ndogo zilizokwaruzwa ndani ya mfuniko na mafundi waliomtangulia, kila mmoja kwa mkono wake, kisha naye anaongeza yake na tarehe. Huyo mlipe anachotaka.