Mie Ndiye Nyuki

Jamani, ukitaka kujua mtaa unakuthamini kiasi gani, jiunge na kikundi cha maigizo. Kwenye cherehani yangu hapa Ngamiani naheshimika, watoto wananiamkia, wazee wananiita fundi. Kwenye igizo la Vita ya Tanga mie ni nyuki.

Si jenerali, si askari, hata upagazi sikupewa. Nikauliza, nyuki yupi? Mwalimu, mstaafu wetu anayeongoza mchezo, akajibu bila kuinua macho: "Wote."

Na vita yenyewe, ambayo hata nyuki waliingia kuuma, wala haihitaji kutiwa chumvi. Novemba 1914 Waingereza wanaleta meli kutoka India, zimebeba watu kama 8,000, waje kuiteka Tanga. Kabla hawajashusha hata mtu mmoja, manowari yao Fox inaingia bandarini kumtaarifu Mjerumani: salimu amri, la sivyo tunapiga mizinga. Yaani unakwenda kuiba kuku, unabisha hodi! Halafu wakapoteza muda kusaka mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Mjerumani akashukuru, akajaza askari kwenye treni kule Moshi, na kamanda wao Lettow-Vorbeck mwenyewe akaingia mjini usiku kwa baiskeli kupeleleza. Kwa baiskeli! Mtu wa Tanga akifika hapo haulizi tena nani atashinda.

Sasa balaa letu liko hapo. Kila mtu anajua nani alishinda, kwa hiyo kila mtu anataka kuwa upande ule. Walinzi wa mji walikuwa kama 1,000 tu, lakini sisi upande wao umejaa mpaka wengine wanasimama nje ya ukumbi. Jeshi la watu 8,000 ni vijana watatu wanaozunguka nyuma ya pazia na kurudi wamebadilisha kofia. Wa tatu ana kigugumizi cha goti, akipita raundi ya pili watazamaji watamjua. Anayeigiza Jenerali Aitken, mkuu wa Waingereza, ni muuza samaki wa Deep Sea, naye anagoma kukimbia. Anasema wateja wakimwona anakimbia nyuki Jumamosi, Jumapili watampangia bei.

Mavazi nimeshona mie, bure, maana nyuki hana gharama nyingine. Langu ni dera la njano la mke wangu, nimelizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme. Nikitoka jasho utepe unabanduka. Mwisho wa vita nabaki mwanamke mnene anayepiga kelele. Mke wangu kaniuliza kwa upole, "Baba Zuhura, na huko unalipwa?"

Haya yote ningeyameza. Lakini Mwalimu kasoma. Anasema nyuki wa Tanga hawakuwa na chama: Waingereza walidai Mjerumani kawatega kwa nyaya, kumbe waliuma pande zote, mpaka bunduki za mashine za Wajerumani zikanyamaza kwa muda kwa sababu wapigaji wanajikuna. Kwa hiyo nikishamaliza Waingereza, nigeuke, nimdunge na Lettow-Vorbeck.

Lettow-Vorbeck ni mwenye nyumba wangu.

Alipewa nafasi hiyo kwa sababu baiskeli ni yake, na ukumbi alituombea yeye. Kodi ya miezi miwili hajaiona. Sasa niambieni, mtu unayempita uani umeinamisha kichwa, unamshikamoo mara mbili kwa pumzi moja, utamchoma mwiba makalioni mbele ya mtaa mzima? Kwenye mazoezi nikimkaribia napunguza sauti. Bzz, shikamoo mzee, bzz. Mwalimu anasimamisha mchezo: "Nyuki haamkii!"

Juzi mzee kaniita pembeni. "Fundi, mwanangu, nyuki wa hapa wanawafahamu wenyeji, sivyo?" Nikasema wanawafahamu sana, mzee. Akasema ikiwa hivyo, habari ya kodi tunaweza kuongea taratibu. Nikafurahi, nikampelekea Mwalimu shauri hilo. Mwalimu akatoa miwani, akasema Waingereza waliacha Tanga risasi 600,000 na heshima yao yote, na yeye hataacha historia yake kwa ajili ya vyumba viwili na choo cha nje.

Onyesho ni Jumamosi. Ijumaa jioni mzee anapita na daftari la kodi.