Kamusi ya DS au tafsiri ya papo kwa papo: kipi kinamfaa anayesoma Kijapani?

Mwaka 2006 Nintendo ilitoa huko Japani Kanji Sonomama Rakubiki Jiten, kamusi ya Kijapani na Kiingereza inayochomekwa kwenye DS, mashine yake ya gemu ya mkononi yenye skrini mbili, kama gemu nyingine yoyote. Walengwa walikuwa Wajapani wenyewe, na menyu zote ni za Kijapani. Hata hivyo wanafunzi wa kigeni waliipenda kwa sababu moja: kanji (herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina) usiyoweza kuisoma unaichora kwa kalamu kwenye skrini ya chini. Katika kamusi ya karatasi ungelazimika kwanza kuitambua sehemu kuu ya herufi, kisha uhesabu mistari yake.

Skrini ya DS husikia mkandamizo. Tabaka mbili nyembamba hugusana chini ya ncha ya kalamu, hivyo mstari mwembamba unakubalika. Skrini ya simu au ya Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye, husikia umeme wa kidole, na kidole hufunika nusu ya kile unachokiandika. Ubaya wa DS ni kwamba vipimo vya mguso huhama: mstari ukitokea kando ya ncha, fungua mipangilio ya mashine, gusa alama zinazoonyeshwa katikati kabisa, na tatizo huisha. Herufi ikikataa kutambuliwa, mara nyingi kosa ni la mwandiko: umeunganisha mistari miwili kuwa mmoja, au umeanza chini kwenda juu.

Kila skrini ina pikseli 256 kwa 192 tu. Herufi ya pikseli 16 kwa 16 inapata mistari 12 ya maandishi, lakini kanji yenye mistari 20 na zaidi inageuka doa. Ukiitumia kadi ya kamusi hiyo kwenye 3DS, mrithi wa DS, picha hutanuliwa na kufifia. Shikilia Start au Select wakati wa kuifungua, irudi ukubwa wake wa asili.

Udhaifu mkubwa uko kwingine. Kamusi inataka umbo la msingi. Ukikutana na tabetakunakatta, lazima ujue kwamba umbo hilo ni taberu, kula. Msemaji wa Kiswahili anaelewa adha hii: mgeni akitafuta “hawakunipigia” kwenye kamusi hataiona, mpaka ajue kuichambua afike “piga”. Anayeanza atakwama hapa kila dakika.

Upande wa pili ziko mashine za kutafsiri papo kwa papo. Sony ilijaribu mapema kwa Talkman ya PSP, mashine yake ya gemu ya mkononi, mwaka 2005, iliyouzwa pamoja na maikrofoni ya kuchomeka: unasema, inatafuta sentensi iliyo tayari inayokaribiana na yako. Ni kitabu cha misemo chenye masikio, basi. Leo RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani, hupiga picha ya skrini ya gemu, huituma kwenye seva na kurudisha tafsiri juu yake. Gemu inaendelea, hadithi inaeleweka, na hilo si jambo dogo.

Lakini kwenye gemu za zamani herufi za silabi ba na pa hutofautiana kwa pikseli mbili tatu, mashine ikachanganya. Tena Kijapani huacha kutaja mtenda. Tafsiri ya Kiswahili haina pa kujificha, kwa kuwa kitenzi kinadai ni-, u- au a-, basi mashine inabahatisha. (Angalau a- haiulizi mwanamume au mwanamke; Kiingereza hakina nafuu hiyo.)

Kwa anayetaka kumaliza gemu, tafsiri ya picha ya skrini inatosha. Kwa anayetaka kusoma, naona kamusi inashinda, maana mkono uliochora kanji mara tatu huikumbuka. Ila asiinunue kabla hajazijua kana zote (herufi za silabi za Kijapani) na minyambuliko ya kawaida ya vitenzi. Akifika hapo, kadi ya Japani huingia kwenye DS ya nchi yoyote. Zenye kufuli ya eneo ni zile zilizotengenezewa DSi, toleo la baadaye la DS, na zile zenye nyongeza za DSi zikichezwa kwenye DSi au 3DS.