Vibarua Ndio Wanaojua Hasara Ilipo

Viwanda vingi vya Nairobi vikiamua kupunguza hasara huanza na rangi. Sakafu inachorwa mistari ya manjano, ukutani linabandikwa bango la zile S tano za Kijapani, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo wenzetu wa Tanzania wanazitaja hospitalini kwa majina matamu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mwezi wa kwanza kila kitu kinang'aa. Ukirudi baadaye unakuta vyuma vimerundikwa juu ya mistari ileile, na mwenye kiwanda anakwambia wafanyakazi wetu hawana nidhamu.

Sikubaliani naye. Njia yenyewe ya Kijapani ya kupunguza hasara ni nzuri na ninaiamini. Kinachotushinda ni kwamba tunataka watu watuonyeshe hasara ilipo huku tukiwaajiri kwa siku.

Tazama ilikotoka. Mwaka 1950 kampuni ya magari ya Toyota, huko Japani, ilikuwa hoi kifedha. Ikapunguza wafanyakazi, wakagoma, na Kiichiro Toyoda aliyeianzisha akajiuzulu. Kutokana na msukosuko huo, kampuni na chama cha wafanyakazi walifika mahali pa kuelewana: ajira ilindwe, nao wafanyakazi wasaidie kuinua uzalishaji. Ni katika mazingira hayo injinia Taiichi Ohno aliukuza mfumo wake. Alihesabu aina saba za hasara: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kuhamishahamisha mizigo, kufanya kazi isiyohitajika, kulimbikiza mali, kuhangaika huku na huko, na kutoa bidhaa yenye kasoro. Mfanyakazi wa kawaida akapewa ruhusa ya kusimamisha laini nzima ya uzalishaji akiona jambo haliendi sawa. Sisi tumechukua bango, ruhusa tumeiacha.

Kuna karakana ya milango ya chuma ninayoifahamu, upande wa Barabara ya Lunga Lunga hapa Nairobi. Bomba la chuma linakuja na urefu wa mita 6. Kwa miimo ya mlango, fundi anakata vipande viwili vya mita 2.1, kinabaki kipande cha mita 1.8. Kipande hicho kinatupwa nyuma ya ukuta pamoja na vyuma chakavu. Meza ya pili, hatua chache tu kutoka hapo, mwenzake anafungua bomba jipya kabisa akate vipande vya sentimita 85 vya madirisha. Mita 1.8 ingetoa viwili vya namna hiyo! Kisha diski ya grainda ikiisha, fundi anapanga foleni kwenye kidirisha cha stoo, na mtunza stoo naye hawezi kuitoa mpaka nyapara atie sahihi, na nyapara yuko ofisini juu. Mashine inalala hapo, bili ya umeme inapanda, mteja anapiga simu kuulizia mlango wake.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akikata mbona hamwambii mtu yeyote habari za vile vipande.

"Mzee, mimi niko hapa kwa siku," akanijibu. "Nikionyesha kwamba kazi inaweza kuisha mapema, kesho getini sitaitwa."

Jibu hilo lina akili timamu. Kila alfajiri mamia ya watu hutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa miguu na kusimama nje ya mageti ya Industrial Area wakisubiri kuchaguliwa. Mtu wa namna hiyo ukimwomba akusaidie kuokoa saa mbili za kazi, umemwomba ajipunguzie unga. Mshauri unayemlipa vizuri aje na saa ya kupimia hatapata kwa wiki nzima kile ambacho kijana huyu anakijua tayari, na hatakipata kwa sababu kijana ataendelea kunyamaza.

Na hapa sheria iko upande wake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Ni wangapi katika karakana zetu wamepita mwezi huo zamani na bado wanasimama getini?

Kwa hiyo mwenye kiwanda akiniuliza aanzie wapi, ninamwambia rangi ingoje. Aandike mikataba ya watu anaowatumia kila siku. Atamke mbele yao wote, na aweke kwenye maandishi, kwamba saa zitakazookolewa hazitamfukuzisha mtu kazi. Awaache mafundi wenyewe waamue kipande cha mita 1.8 kiwekwe wapi, na diski za grainda zikae karibu na meza bila sahihi ya mtu. Nyapara ashuke chini, akae pale chuma kinapokatwa. Saa zikipatikana, azitumie kupokea zile oda za Desemba ambazo kila mwaka anazirudisha akisema hana nafasi.