Mwacheni mtoto aulize bromini imeondokaje

Mpwa wangu alikuja kwangu Uyole wiki iliyopita, likizo ya Juni, na masweta mawili na daftari la kemia. Yuko PCB (fizikia, kemia na biolojia), Julai anaingia kidato cha sita. Jioni tulikuwa jikoni, jiko la mkaa katikati yetu maana baridi ya mwezi huu mnaijua, akanifungulia ukurasa alioukariri mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Jedwali. Upande mmoja SN1, upande wa pili SN2, zile njia mbili ambazo kitu kimoja huchukua nafasi ya kingine kwenye kaboni, mistari tisa kwenda chini. Akanikabidhi daftari nimuulize lolote.

Nikamuuliza: hiyo moja na hiyo mbili zinahesabu nini?

"Hatua, mama mdogo. SN1 hatua moja, SN2 hatua mbili."

Alijibu upesi, kwa uhakika. Na chini ya jedwali hilohilo, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amechora SN1 yenye hatua mbili na SN2 yenye hatua moja. Michoro yote ilikuwa sahihi. Alikuwa ameikariri michoro, amekariri na majina, na hakuna siku aliyoviweka viwili hivyo pamoja akaona vinagombana. Nilipomwonyesha alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema mwalimu wa tuisheni aliwaambia wasipoteze muda na "kwa nini", mtihani unataka jedwali.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Huyu ni mtoto anayetaka kuwa daktari. Amelipiwa tuisheni na mama yake anayeuza nguo Mwanjelwa, na alicholipiwa ni kufundishwa asiulize.

Naandika kwa sababu naamini somo hili ni moja ya masomo mazuri kabisa katika kemia yote ya kidato cha tano na sita, na tunaliua kwa rula na kalamu ya safu mbili. Jambo lenyewe linafuatilika kabisa. Kuna kaboni. Imeshikwa na kitu kinachoivutia elektroni zake, tuseme bromini, kwa hiyo kaboni ina upungufu. Anakuja mwingine mwenye jozi ya elektroni za kutoa. Huyo ndiye nukliofili. Mwisho wa habari yeye yumo ndani na bromini iko nje. Swali ni moja tu, ambalo hata bibi yangu kule Tukuyu angeliuliza akisimuliwa kisa cha mgeni aliyeingia na mpangaji aliyetoka: nani alitangulia? Mpangaji alihama kwanza, nyumba ikakaa wazi, ndipo mgeni akaingia? Au mgeni aliingia kwa mlango wa nyuma wakati mpangaji anasukumwa nje kwa mlango wa mbele?

Ukishajua nani alitangulia, jedwali lote unaweza kuliandika mwenyewe.

Chukua kasi. Ile namba inahesabu molekuli zinazoshiriki katika hatua inayoamua kasi, basi. Nilimwambia mpwa wangu afikirie malori ya Tunduma. Lori limetoka Dar, limepita Iringa, limepita hapa kwetu, linakwenda Lubumbashi. Likikwama siku tatu kwenye foleni ya mpakani, mwenye mzigo hata akiajiri vibarua mia wa kupakua kule mwisho wa safari, mzigo hautafika mapema. Hatua ya polepole ndiyo inayotawala. Kwenye SN1 foleni ni bromini kuondoka, na bromini inaondoka bila kumsubiri mgeni, kwa hiyo ukiongeza ukolezi wa nukliofili kasi haibadiliki. Molekuli moja ndiyo iliyo kwenye foleni: moja. Kwenye SN2 mgeni na mwenye bromini wanakutana katika tukio lilelile, ukiongeza yeyote kati yao kasi inaongezeka: mbili. Akasema, "Kumbe hatua moja ndiyo inaitwa mbili kwa sababu wanakutana wawili." Ndiyo, mwanangu. Ndiyo hivyo hasa.

Halafu tukaja kwenye viazi, na hapa naomba mnivumilie.

Sisi watu wa nyanda za juu kusini hatuna shida ya viazi mviringo. Nilichukua kimoja kwenye ndoo, hiyo ikawa kaboni. Nikachomeka njiti nne za kiberiti, zikitawanyika kila moja mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Kwenye ncha ya njiti moja nikaweka nyanya ndogo, ndiyo bromini. Kwenye tatu zilizobaki nikaweka punje za mahindi mabichi, hizo ni hidrojeni. Hiyo ni bromomethani. Nikampa mpwa wangu kitunguu kilichochomekwa njiti, nikamwambia: wewe ni haidroksaidi, ndiye nukliofili, mfikie huyu kaboni kwa nyuma, upande ulio kinyume na nyanya. Aliingia bila kugusa kitu. Punje ni ndogo, njia ni nyeupe. Nikamwonyesha jinsi njiti tatu zinavyolala kuelekea upande wa nyanya kitunguu kinapoingia, mpaka nyanya inapoachia na zote tatu zimegeukia upande wa pili. Hakuna kituo katikati. Kuna lile dakika moja la kubanana tu, bondi moja inazaliwa na nyingine inakufa, kaboni imezungukwa na watano, halafu imekwisha.

Kisha nikatoa punje na kuweka viazi vidogo vitatu mahali pake, kila kimoja ni kundi la methili, yaani kaboni na hidrojeni zake tatu. Sasa ni 2-bromo-2-methilipropani, teshari, yaani kaboni yenye bromini ina majirani watatu wa kaboni. "Ingia tena." Akajaribu. Akageuza mkono, akajaribu kwa pembeni, kitunguu kikagonga kiazi, kikagonga kingine. Akacheka kwa sauti akasema haiwezekani, labda nyanya itoke kwanza.

Sikuwa nimemwambia. Alilisema mwenyewe, na kitunguu kiko mkononi: labda nyanya itoke kwanza. Hiyo ndiyo SN1. Nyanya ikitoka, viazi vitatu vinajinyoosha kuwa bapa kama mafiga matatu kabla hujateleka sufuria, kabokationi, yaani kaboni yenye chaji chanya, imesimama na upungufu wake, na majirani wale watatu wanaichangia elektroni kidogo kidogo ndiyo maana haianguki upesi kama ya praimari, yenye jirani mmoja tu wa kaboni. Mgeni sasa anaweza kuja kwa juu au kwa chini. Ndiyo maana mara nyingi unapata mchanganyiko wa pande zote mbili, badala ya ile ya kugeuka peke yake. Mistari minne ya jedwali imekwisha hapo, na hatujakariri hata mmoja.

Mengine yalikwenda haraka. Kwa nini iodini inaondoka kwa urahisi kuliko klorini: bondi yake na kaboni inahitaji karibu kilojuli 240 kwa moli kuivunja, ya klorini karibu 340. Kwa nini kiyeyusho cha asetoni kinaifaa SN2: maji huizunguka nukliofili yenye chaji hasi kama mtu aliyejifunga blanketi la Juni, mikono haitoki, asetoni haimfungi hivyo. Na maji hayohayo yanaifaa SN1 kwa sababu yanazishika ioni mbili zinapoachana.

Najua jibu linalokuja. Darasa lina watoto wengi, mtaala ni mrefu, kemikali za maabara ni ghali, mtihani hauna huruma. Nakubali, nimesomea ualimu wa kemia Iringa na nimesimama mbele ya madarasa hayo, nayajua. Nakubali pia kwamba kuna vitu lazima vikae kichwani: mpangilio wa halojeni, majina, mshale unaanzia wapi na unaishia wapi. Na mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto akishaelewa kwa Kiswahili bado ana kazi ya kuliandika kwa lugha ile nyingine. Lakini ataandika kitu alichokielewa. Viazi vinne na kiberiti havihitaji bajeti ya mtu yeyote Mbeya.

Na jedwali lenyewe halimlindi mtoto kama wanavyomwambia. Linasema praimari ni SN2, teshari ni SN1, na kwa sekondari linasema "zote mbili", ambalo si jibu. Kloridi ya benzili ni praimari, lakini inaweza kupita njia ya SN1 vizuri kabisa, kwa sababu ile pete jirani inaisambaza chaji ya kabokationi. Mtoto wa jedwali ataikosa. Pasha moto, weka besi kali, na mmenyuko unaanza kunyofoa hidrojeni na kutengeneza alkeni, yenye bondi mbili kati ya kaboni na kaboni, badala ya kubadilishana; jedwali la safu mbili halina hata nafasi ya kuliandika hilo. Mtu aliyezoea kuuliza nani anaweza kufika wapi atakuwa na pa kuanzia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba elimu hii yenyewe ilizaliwa na mtu aliyekataa kuacha kuuliza. Mwaka 1896, kule Riga, Paul Walden alichukua asidi ya maliki, ile inayolipa tufaha uchachu wake (na matufaha ya Njombe na Makete tunayala hapa kila msimu), akaibadilisha kuwa asidi ya klorosaksiniki, kisha akairudisha kuwa asidi ya maliki kwa oksaidi ya fedha. Aliyoipata ilikuwa taswira ya kwenye kioo ya ile aliyoanza nayo. Mahali fulani njiani kaboni ilikuwa imegeuka. Angeweza kuandika kwenye jedwali "inageuka" akaenda kulala. Swali likabaki wazi kwa miongo kadhaa, mpaka wanakemia Hughes na Ingold kule London miaka ya 1930. Mwaka 1935 Hughes na wenzake walitumia iodini yenye mnururisho ili waitambue iodini ngeni na ile ya zamani, wakaipima ikiingia kwenye 2-iodooktani ndani ya asetoni. Waliona uwezo wa kuzungusha mwanga (umbo moja huuzungusha kulia, taswira yake ya kwenye kioo kushoto) unapotea kwa kasi mara mbili ya kasi ya iodini kubadilishana. Mara mbili, kwa kadiri vipimo vyao vilivyoweza kuonyesha. Kila molekuli moja iliyogeuka inafuta na nguvu ya moja ambayo haijageuka, kwa hiyo hesabu inakubali jambo moja tu: kila anayeingia, anaingia kwa nyuma. Kila mara.

Nilimsimulia mpwa wangu hilo na nikaona macho yake. Halafu nikamwambia kwamba alipoitwa ubaoni muhula uliopita na moyo ukamwenda mbio, ile adrenalini ilitengenezwa mwilini mwake kwa njia hiyohiyo: nitrojeni ya noradrenalini iliiendea kaboni ya kundi la methili lililokuwa limeshikwa na salfa, ikaingia kwa nyuma, salfa ikaachia. SN2, ndani yake, wakati yeye anaogopa kuulizwa SN2. Bromomethani, dawa ya kufukiza nafaka ambayo dunia imeibana kwa Itifaki ya Montreal, inaua wadudu kwa sababu methili yake iko wazi mno na protini za kiumbe chochote zinaifikia, za mdudu na za mtu. Anayetaka kuwa daktari anastahili kujua hili akiwa na miaka kumi na nane. Kumnyima kwa sababu ya alama mbili za mtihani ni dhuluma, na nalisema neno hilo nikiwa nimelipima.

Walimu wenzangu, na ninyi wa tuisheni pia: mtoto akiuliza kwa nini, simameni hapo. Dakika kumi. Sogezeni mada nyingine mbele ikibidi.

Siku ya mwisho kabla hajarudi kwao nilimkuta jikoni asubuhi, peke yake, na viazi. Alikuwa ameunganisha viwili. Kile cha kwanza kilikuwa na nyanya na punje mbili tu za mahindi, praimari safi kabisa. Cha pili, jirani yake, kilikuwa kimejaa viazi vidogo vitatu. Alikuwa anakizungusha, anajaribu kupenyeza kitunguu.

"Mama mdogo, huyu ni praimari. Jedwali linasema SN2. Lakini haingiliki, hawa wa jirani wameziba nyuma yote."

Ilikuwa 1-bromo-2,2-dimethilipropani. Watu wameipima maabara: kwa SN2 inakwenda zaidi ya mara 10,000 polepole kuliko bromoethani. Hakuwa ameisoma popote. Alikuwa ameifikia kwa vidole.

Nikamwambia jina lake tu, la namba nikamwachia. Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaichora, na chini yake akaandika swali la kumpelekea mwalimu wake Julai: "Kama nyuma pameziba na nyanya haitaki kutoka, nini kinatokea?" Kisha akafuta "nyanya" akaandika "bromini".