Mtanga Si Kosa

"Khala, kwani pwani hakuna mtanga?"

Mtoto wa dada yangu, yuko gredi ya pili, alinijia na daftari wazi mkononi. Waliambiwa waandike vitu wanavyoviona pwani. Akaandika samaki, ngalawa, maji, mtanga. Hilo la mwisho limekatwa kwa kalamu nyekundu, bila neno la kando.

Mimi nafundisha madarasa hayo hayo ya chini na jambo hili linanichoma. Mtanga ni mchanga kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa: mamake husema mtanga, nyanyake alisema mtanga. Mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, ilikubaliwa Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikabaki majumbani. Sigombani na uamuzi huo. Vitabu vyataka lugha moja, na mtoto wa Mombasa ataandika mtihani mmoja na wa Kisumu. Lakini mtoto wa miaka saba hayajui hayo. Anachoona ni neno la mamake limekatwa, na kesho yake akiulizwa swali hainui mkono.

Mimi huyaandika yote mawili ubaoni. Mtanga, mchanga. Mato, macho. Ndia, njia. Ndaa, njaa. Siwapi kanuni, nanyamaza. Punde mmoja anaruka: "Mwalimu, pale kwenye t hapa ni ch!" Basi hapo darasa zima linasaka mengine. Wanafika kwa ndoo: mama akiita "ndoo!" unakwenda, lakini kitabuni ndoo ni ya kutekea maji. Na kuteka kwenyewe, nyumbani ni kucheka. Mwaka jana mmoja akageuza na mti, akaandika "mchi" chini ya picha ya mwembe. Nikaleta mchi wa kinu, nikamtia mkononi. Hakukosea tena, na akapata neno ambalo hakulitafuta.

Neno la mtoto mdogo lataka kushikwa. Ukimwandikia kumi ubaoni ayakariri, Ijumaa atakusomea yote na Jumatatu hana hata moja. Picha ya kitabu humwonyesha mnazi na neno moja tu, nazi, ilhali mtoto huyu kila siku anapita kwa muuza madafu. Siku moja niliokota vidaka chini ya mnazi, nikanunua dafu, koroma na nazi, nikavipanga mezani kwa umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kitale sikukipata, nikakichora. Wakatikisa mmoja mmoja. Dafu limejaa, halisemi kitu. Nazi kavu unasikia maji yakipiga ndani. Tukaikuna nazi kwa mbuzi, na waliojua mbuzi wa kuchinjwa tu (tunao wengi waliohamia kutoka bara) wakajua na wa kukalia. Tui likatoka, machicha yakabaki, vifuu wakagombania. Maneno zaidi ya kumi kwa kipindi kimoja, na aliyetoa mengi ni msichana ambaye mamake huuza mbaazi kwa mahamri. Muhula mzima sikuwa nimemsikia sauti.

Mwalimu ana watoto wengi na muda mchache, hilo nalijua kwa mwili wangu. Lakini kuandika "mchanga" kando ya "mtanga" hakuchukui muda zaidi kuliko kukata.

Daftari bado liko kwangu. Nimeandika "mchanga" kwa penseli, karibu na neno lake. Jumatatu nitampeleka shule mwenyewe, nizungumze na mwalimu wake kabla ya kengele.