Boksi la NAS: uliza kwanza siku litakapokufa

Watu wenye studio za picha, ofisi ndogo za uhasibu na maduka ya vifaa huniuliza swali lilelile: "Kaka, nichukue boksi la diski mbili au la nne?" Wanakuja wakiwa wameshaangalia video za kutosha, wameshalinganisha prosesa na ramu, na wengine wana picha ya tangazo la duka kwenye simu. Ninayemsubiri bado hajaja: yule atakayeuliza kwamba siku boksi lenyewe likifa, mafaili yatatokaje mle ndani. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Ukishalijibu, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Nikisema boksi la NAS namaanisha kile kisanduku chenye nafasi ya diski mbili au zaidi, kinachochomekwa kwenye rauta kwa waya ili kompyuta zote za ofisini au nyumbani zihifadhi mafaili humo. Ndani yake ni kompyuta ndogo kamili yenye bodi, prosesa, ramu, feni na mfumo wake wa uendeshaji. Wapo wanaosema zama zake zimepita, kila kitu kiende kwenye wingu. Waulize walikuwa wapi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti ya Tanzania na majirani ikawa ya kuchechemea. Na hata siku intaneti ikiwa nzima, piga hesabu. Mpiga picha mwenye terabaiti 2 za harusi, akiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, atahitaji siku 18 na ushee, usiku na mchana, kuzipeleka huko. Wingu lina kazi yake, nitalirudia. Kazi ya kila siku inataka diski iliyo jengo moja na wewe.

Tuje kwenye kufa. Wengi wanaamini kinachokufa ni diski tu. Diski hufa kweli, lakini boksi nalo hufa, tena huku diski zote zikiwa nzima. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba prosesa za Intel za familia ya Atom C2000 zina kasoro: saketi inayotoa mapigo ya saa inachakaa taratibu, mpaka siku moja mashine inagoma kuwaka. Maboksi ya Synology kama DS415+ na DS1815+ yalibeba prosesa hizo, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana. Hayo yalikuwa maboksi ya bei, si ya kuokoteza. Kwetu huku sababu huwa za kawaida zaidi: umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, adapta inaungua, na ukiwa na mkosi inaondoka na bodi.

Nililiona hilo kwenye studio moja Sinza. Boksi kimya, hakuna taa hata moja, na mwenye studio ameshika kichwa kwa sababu picha za wateja ambao hawajachukua albamu zao zimo humo. Tukaanza na adapta, ile ya volti 12 na ampea 5 ambayo maboksi mengi madogo hutumia. Tukachomeka nyingine, kimya vilevile. Bodi imekwenda. Tukavuta trei zote mbili, tukafungua skrubu, diski tukazifunga kwenye kompyuta ya mezani kwa nyaya za SATA, kisha tukaiwasha kwa Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux, iliyokuwa kwenye fleshi. Amri moja tu, mdadm --assemble --scan, na Linux ikazitambua zile diski kuwa ni jozi. Folda zikafunguka, tukaanza kunakili. Yule dada mwenye studio akaondoka kwenda kumpigia bwana harusi simu.

Hayo yaliwezekana kwa sababu boksi lile lilipanga diski kwa njia ya kawaida ya Linux, na mafaili yalikaa kwenye ext4, mpangilio wa kawaida wa mafaili wa Linux. Si kila boksi liko hivyo, na karatasi ya sifa za bidhaa haitakuambia. Synology wanatumia mdadm na LVM za kawaida, yaani programu za Linux za kuunganisha na kugawa diski, na wenyewe wameandika maelekezo ya kusoma diski zao kwa Ubuntu. Kwenye Btrfs, mpangilio mwingine wa mafaili, toleo la Ubuntu linaweza kuleta ubishi, kwenye ext4 sijaona tabu. QNAP nao ni Linux, ila LVM yao wameibadilisha, kwa hiyo Ubuntu ya kawaida mara nyingi hukwama na njia rahisi inakuwa kutafuta boksi jingine la QNAP. Ukitumia mfumo wa NAS unaopanga diski kwa ZFS, kama TrueNAS, diski unazihamishia kwenye kompyuta yoyote yenye ZFS na zinasomeka. Ninayoyakimbia ni yale maboksi ya bei poa ya kuchomeka kwa USB ambayo RAID yake, yaani kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, inafanywa na chipu iliyo ndani. Chipu ikifa, unatafuta boksi lenye chipu ileile, na mara nyingi dukani halipo tena.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji, au utafute mwenyewe mtandaoni: diski za boksi hili zinasomekaje nje ya boksi? Ukikosa jibu linaloeleweka, achana nalo, hata kama lina taa za rangi saba.

Kuhusu mbili au nne, kwa nyumba na ofisi ya watu chini ya kumi mimi nasema mbili, kubwa, zikiakisiana. Hiyo ndiyo RAID 1: kila faili linaandikwa kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Unapoteza nusu ya nafasi uliyoilipia, na watu wa hesabu hapo huwa wanakunja uso. Wanapenda diski nne kwenye RAID 5, kwa sababu unapoteza nafasi ya diski moja tu. Ni kweli. Lakini diski moja ikifa ukaweka mpya, boksi linapaswa kuzisoma zote zilizobaki mwanzo hadi mwisho ili kuijaza ile mpya. Kwa diski za terabaiti 8 hiyo ni kazi ya nusu siku au zaidi, na muda wote huo huna kinga: ya pili ikifa katikati, umepoteza kila kitu. Na mara nyingi zote nne zilinunuliwa siku moja, zimezeeka pamoja. RAID 1 ina faida nyingine inayorudi kwenye hoja yangu: kila diski peke yake ina mafaili yote. Moja inatosha kuokoa ofisi.

Pesa iliyobaki kwa kuacha boksi la diski nne iende kwenye diski zenyewe, maana huko ndiko kwenye mitego. Mwaka 2020 iligundulika kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa za SMR, yaani njia zake za kuandikia zimelaliana kama vigae vya paa, na mteja hakuambiwa. Diski ya namna hiyo inasoma vizuri, ila ukiiandikia kwa muda mrefu inakuwa nzito sana, na wakati wa kujaza diski mpya RAID inaweza kuitupa nje ikidhani imekufa. Baada ya kelele WD wakatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR, ambazo njia zake hazilaliani, na Seagate IronWolf nazo ni CMR. Andika herufi CMR kwenye karatasi kabla hujaenda Kariakoo, kwa sababu ukiomba "diski ya NAS" utapewa iliyopo. Mara nyingi iliyopo ni ya zambarau, ya kamera za CCTV. Haitaharibu kitu, lakini imetengenezwa kwa kumeza video mfululizo, si kwa watu watano wanaofungua mafaili kwa zamu.

Na mpya si lazima iwe mpya. Mapema 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani viliibua diski za Seagate zilizotumika maelfu ya masaa zikauzwa kama mpya, kumbukumbu za matumizi zikiwa zimefutwa. Ukifika nyumbani soma taarifa za SMART, kumbukumbu ambayo diski hujiwekea yenyewe, kabla ya kuweka faili hata moja. Mstari wa Power-On Hours kwenye diski mpya unapaswa kuwa sifuri au karibu na hapo. Masaa 43,800 ni miaka 5 ya kuwaka bila kuzimwa. Kwa Seagate kuna kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, ambayo haifutiki kirahisi, na programu ya smartctl katika matoleo mapya inaisoma. Linganisha namba hizo mbili. Zikipishana sana, rudi dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Hapa lazima niwaguse Synology tena, maana nimewasifia. Aprili 2025 walitangaza kwamba maboksi yao ya mfululizo wa Plus ya mwaka huo yatataka diski zenye nembo yao. Wateja wakapiga kelele, na Oktoba 2025, toleo la 7.3 la DSM, mfumo wa uendeshaji wa maboksi yao, lilipotoka, wakalegeza. Vizuri. Lakini sasa tunajua wanachokitamani. Anayenunua boksi mwaka huu anunue kwa masharti yaliyopo leo na aangalie kama diski anazoweza kuzipata mjini kwake zinakubalika, si zile za kuagiza Dubai na kusubiri.

Prosesa na ramu visikuumize kichwa. Kwa kutunza mafaili, boksi dogo kabisa lenye gigabaiti 1 ya ramu linatosha. Nguvu unaihitaji ukitaka libadilishe video ili zichezwe kwenye runinga na simu. Kinachokwamisha ofisi nyingi ni waya. Rauta nyingi za kupewa na mtoa huduma zina matundu ya megabiti 100, kwa hiyo terabaiti 1 inachukua kama masaa 25 kupita. Weka swichi ya mtandao ya gigabiti kati ya boksi na kompyuta, ambayo ni kifaa cha bei ndogo kuliko diski yoyote, na kazi ileile inakwenda kwa masaa mawili na nusu.

UPS, ile betri ya akiba ya umeme, si nyongeza, ni sehemu ya boksi. Iwe yenye waya wa USB unaoingia kwenye NAS, ili umeme ukikatika boksi lipewe taarifa na lijizime lenyewe kabla betri haijaisha. Boksi la diski mbili linakula kama wati 15 hadi 20, hivyo UPS ndogo inalibeba vizuri, ilimradi usichomeke printa ya leza humo. Na kwa sisi wa pwani, usilifungie kabatini. Nimefungua maboksi ya Dar ambayo feni yake imevaa vumbi hadi haizunguki, na moja lilikuwa na mende waliokwisha hamia. Liweke pa wazi, juu kidogo ya sakafu, na kila baada ya muda ulipulizie.

Kisha kuna kile kishawishi cha kulifungulia boksi mlango wa intaneti ili ufungue mafaili ukiwa Dodoma. Usifungue. Aprili 2021 kirusi cha Qlocker kiliingia kwenye maboksi ya QNAP yaliyokuwa wazi mtandaoni, kikafunga mafaili kwa nywila kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, na kudai bitikoini 0.01. Januari 2022 kikaja Deadbolt, bei ikawa 0.03. Kati ya hayo mawili, Juni 2021, wenye diski za WD My Book Live waliamka wakakuta zimefutwa zote kutoka mbali. Vifaa hivyo havikuwa vimepata sasisho tangu 2015. Ukihitaji kufika ukiwa nje, tumia VPN, njia ya siri iliyofungwa kati ya kifaa chako na boksi, kama WireGuard au Tailscale. Mwenye kliniki au ofisi ya uwakili alifikirie zaidi, kwa sababu Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za mgonjwa zikivuja, udhuru wa "boksi liliingiliwa" hautakufikisha mbali.

RAID haikulindi na kirusi, wala na kijana wa ofisini aliyefuta folda. Inafuta kwa uaminifu kwenye diski zote mbili. Ndiyo maana nasema diski ya tatu, ya nje (ekstano), ni ya lazima: ichomeke nyuma ya boksi Ijumaa, inakili, ichomoe, iende ikalale nyumba nyingine. Wizi na moto havichagui diski. Na hapa ndipo wingu linapoingia, kwa mafaili machache yasiyorudishika: mikataba, vitabu vya hesabu, picha za watoto. Hayo yanapanda hata kwa intaneti yetu.

Kwa asiye na bajeti ya boksi, kompyuta kuukuu ya ofisi iliyotoka Ulaya, zile ndogo za Dell na HP zinazouzwa kwa bei nzuri, ikiwekwa OpenMediaVault, mfumo wa bure wa NAS, inafanya kazi hiyohiyo. Inakula umeme zaidi na utaiona kwenye LUKU, na lazima awepo mtu asiyeogopa skrini nyeusi ya amri. Angalia tu uchague yenye nafasi ya diski mbili za inchi 3.5, kwa sababu nyingi za umbo jembamba zina nafasi ya moja. Hiyo ikiungua bodi, unakwenda kwenye duka lilelile unanunua nyingine, unahamisha diski, na kazi inaendelea.